Kamera ya Kina Imeanguka? Ikague Kabla Hujaiamini Tena

Imeanguka. Pole. Huenda kuna aliyejikwaa kwenye waya, huenda skrubu ya kishikio ililegea, huenda roboti yenyewe iligonga mguu wa meza ikapinduka. Umeiokota, umeipuliza vumbi, umeichomeka, na picha imetokea kwenye skrini. Hapo ndipo wengi hushusha pumzi na kurudi kazini.

Subiri kidogo. Kamera ya kawaida ikianguka na bado ikatoa picha safi, mambo yamekwisha. Kamera ya kina ina kazi nyingine: kupima umbali wa kila nukta iliyo mbele yake. Inaweza kukuchorea skrini nzima kwa rangi za kupendeza, bluu kwa vilivyo karibu na nyekundu kwa vilivyo mbali, huku vipimo vyote vikiwa vya uongo. Ile iliyokufa kabisa haina hatari, kwa kuwa hakuna atakayeitumia. Ya kuogopwa ni iliyo hai na haisemi kweli.

Vidokezo hivi vinaihusu zaidi RealSense D435, iliyotoka 2018 ikiwa chini ya Intel na ambayo imeenea sana kwenye roboti za wanafunzi na watafiti. Ndugu zake D415 na D455 hukaguliwa kwa njia hiyo hiyo. Wenye aina nyingine nimewawekea kona yao huko chini.

1. Ichomoe, uitazame penye mwanga

Kabla hujafungua programu yoyote, chomoa waya uipeleke dirishani. Itikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, usiichomeke tena: kipande cha chuma kinachozurura juu ya ubao wa saketi kinaweza kuunguza hata kile kilichosalimika. Kisha tazama uso wake. D435 ina matundu manne: macho mawili ya infraredi yaliyoachana kwa sentimita 5, projekta ya leza katikati yao, na kamera ya rangi pembeni. Mkwaruzo mbele ya jicho moja la infraredi unatosha kuacha shimo la kudumu kwenye ramani ya umbali, na alama ya dole gumba la aliyeiokota inaweza kufanya vivyo hivyo. Ifute kwa kitambaa cha miwani kilicho safi na kikavu. Pindo la shati liache lilivyo.

Ufa mbele ya projekta ni habari nyingine. Leza ya kamera hizi imewekwa daraja la 1, yaani ni salama kwa macho katika matumizi ya kawaida, lakini daraja hilo lilitolewa kwa kifaa kizima. Kikishapasuka, hakuna anayeweza kukuhakikishia mwanga unatawanyika ilivyokusudiwa. Ukiona ufa hapo, usiiwashe tena.

2. Anza kukishuku kishikio

Mara nyingi kamera iko salama na kilichopinda ni chuma kilichoibeba. Kishikio kikiinama digrii moja tu, kitu kilicho mita 2 mbele kinaonekana kimehama kwa sentimita 3.5. Roboti itaona sakafu inapanda kilima, itakataa kusonga mbele, na lawama zote zitaiangukia kamera. Fungua skrubu, iweke kamera peke yake mezani au kwenye tripodi, ilinganishe kwa pimamaji, kisha fanya vipimo vyote vinavyofuata ikiwa hivyo. Ikipima sawa peke yake na kuharibika inaporudi kwenye roboti, umeshampata mwenye makosa, na ni wa bei nafuu.

3. Geuza kichwa cha waya

Kamera haianguki peke yake, huanguka na waya wake, na tundu la USB-C ndilo hupokea mvuto wote. Fungua programu ya RealSense Viewer utazame jina la kamera upande wa kushoto. Pembeni yake pameandikwa aina ya USB. Ikisoma 3 na kitu, sawa. Ikisoma 2.1 ilhali jana ilikuwa 3, basi njia ya kasi imekatika mahali fulani na kamera imerudi kwenye njia ya zamani; itafanya kazi, ila kwa picha ndogo au fremu chache kwa sekunde. Kwenye Linux amri ya lsusb -t itakuambia hivyo hivyo: 5000M ni njia ya kasi, 480M ni ile ya zamani.

Sasa chomoa kichwa cha waya upande wa kamera, kizungushe juu chini, chomeka tena. Sisemi uombe dua. Tundu la USB-C lina seti mbili za njia za kasi, na hutumika moja tu kutegemea kichwa kimeingia upande gani. Ikirudi kusoma 3 baada ya kugeuzwa, umejua kwamba seti moja ya pini imeumia na nyingine ni nzima. Rudia kwa waya mwingine ili ujue kama tatizo liko kwenye tundu au kwenye waya. Mwisho, picha ikiwa inaendelea kuja, gusa waya kidogo kulia na kushoto karibu na tundu. Fremu zikikatika unapogusa, hiyo ni lehemu iliyoachia, na hakuna programu itakayoitibu.

4. Jaribu kila jicho peke yake

Zima kwanza projekta, maana vidoti vyake vitakuchanganya. Washa picha zote mbili za infraredi, kushoto na kulia, kisha weka ukurasa wa gazeti kama sentimita 60 mbele ya kamera. Funika tundu moja kwa karatasi ujue lipi ni lipi, halafu linganisha. Herufi zikisomeka vizuri upande mmoja na zikiwa na ukungu upande wa pili, lenzi ya huo upande wa pili imesogea mahali pake. Lenzi hizi fokasi yake imefungwa kiwandani na haina pa kuzungushia. Hapo unaweza kuacha kusoma na kwenda moja kwa moja kwenye kidokezo cha 11.

Tofauti ndogo ya mwangaza kati ya macho mawili si lazima iwe ugonjwa. Ila jicho moja likiwa na giza zito pembeni tu, kagua tena kioo cha mbele; pengine kimechomoka kidogo na kinaziba.

5. Tundika kanga ukutani

Hiki ni kipimo cha projekta, na vifaa vyake unavyo nyumbani. Ukuta mweupe uliopigwa rangi laini hauna alama yoyote ya kushikwa na macho mawili yanayotafuta nukta zinazofanana, na ndiyo maana D435 huutupia vidoti vya infraredi: ili ukuta mtupu upate alama. Iwashe tena projekta, elekeza kamera ukutani ukiwa ndani, mbali na jua la dirishani. Ramani ya umbali ikijaa mashimo meusi, tundika kanga au kitenge chenye maua mengi hapo hapo. Mashimo yakifutika kwenye kanga na kubaki ukutani, macho yako salama, kilichokufa ni projekta. Yakibaki pote pawili, usiilaumu projekta. Tatizo ni kubwa zaidi na kidokezo kinachofuata kinalihusu.

Uthibitisho wa haraka: itazame projekta kupitia kamera ya mbele ya simu. Simu nyingi huuona mwanga huo upande wa kamera ya selfie, na utaona doa la zambarau au jeupe. Usipoona kitu, jaribu na rimoti ya televisheni kwanza. Kama hata taa ya rimoti haionekani, simu yako inachuja infraredi na kipimo hicho hakikufai.

Na usishtushwe na utepe mweusi uliosimama pembeni kushoto mwa ramani ya umbali. Ulikuwepo hata kabla ya kuanguka. Jicho la kushoto ndilo la kuanzia, na kuna sehemu linayoiona ambayo jicho la kulia haliifikii.

6. Jifunze kutofautisha aina mbili za kuumia

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tukae kidogo.

Kamera hii hupata umbali kwa kuchukua nukta moja kwenye picha ya kushoto, kuitafuta kwenye picha ya kulia, na kupima imehama kwa pikseli ngapi. Nukta ya karibu huhama sana, ya mbali huhama kidogo. Ili kazi iwe ya haraka, chipu haiitafuti nukta hiyo kwenye picha nzima. Huitafuta kwenye mstari ule ule tu. Ni sawa na watu wawili wanaofuatana kusoma nakala mbili za kitabu kimoja, mstari kwa mstari.

Sasa fikiria kishindo kimelisogeza jicho moja juu au chini. Msomaji wa pili yuko kwenye mstari mwingine. Nukta hazionekani, ramani inajaa mashimo na chengachenga, hata kanga haisaidii. Ni uharibifu mbaya lakini mwaminifu: kila mtu anauona.

Jicho likisogea upande, kushoto au kulia, mambo hugeuka. Mstari ni ule ule, nukta zinapatikana, ramani inajaa vizuri, hakuna shimo. Ila kila nukta imeongezewa au imepunguziwa pikseli kadhaa za uongo, na kila umbali umeharibika. Ukuta bado unaonekana ukuta. Kiti bado ni kiti. Mkono wa roboti ndio utakaokuambia, pale utakapofunga vidole hewani, sentimita kumi kabla ya kikombe.

Na hakihitajiki kishindo kikubwa. Pikseli moja kwenye sensa ya D435 ina upana wa mikromita 3. Unywele wa mtu una kati ya mikromita 50 na 100. Yaani jicho likihama kwa sehemu ndogo tu ya unene wa unywele, vipimo vimeshapotea. Waundaji wameyafunga macho yote mawili kwenye kipande kimoja kigumu cha chuma kwa sababu hiyo, na kipande hicho ndicho kinachoifanya kamera isalimike mara nyingi inapodondoka.

7. Tepu: mita 1, mita 2, mita 3

Kwa kuwa uongo wa upande hauonekani kwa macho, unapimwa. Tundika ile kanga ukutani, lenga kamera iutazame ukuta moja kwa moja, si mshazari. Weka kioo cha mbele mita 1 kamili kutoka ukutani kwa tepu ya seremala, peleka kipanya katikati ya ramani, usome umbali. Andika. Rudi nyuma hadi mita 2, halafu 3, ukiandika kila mara.

Ukiwa na kamera nzima, D435 inatakiwa isitofautiane na tepu kwa zaidi ya asilimia 2 kwenye mita 2, yaani sentimita 4. Sasa tazama jinsi kosa linavyokua. Hesabu ya kamera yenye macho yaliyoachana kwa sentimita 5 na picha ya pikseli 1280 kwa upana inaonyesha kwamba pikseli moja ya uongo huufanya ukuta wa mita 1 usomeke kama 1.03, wa mita 2 usomeke kama 2.13, na wa mita 3 usomeke kama 3.31. Kosa la sentimita 3, kisha 13, kisha 31. Haliongezeki kwa ngazi zinazolingana. Umbali ukizidi mara mbili, kosa huzidi kama mara nne. Linaweza pia kwenda upande wa pili, namba zikasomeka pungufu.

Mkunjo huo ndio kitambulisho. Kosa likiwa lile lile kila mahali, mathalani sentimita 2 kwenye mita 1 na sentimita 2 kwenye mita 3, macho ya kamera hayana hatia. Kagua ulikoanzia kupima na tepu. Kosa likikua kwa kasi ya namna hiyo, jicho limehama.

Ukiwa hapo hapo, peleka kipanya kwenye pembe za picha. Kamera hizi huripoti umbali wa kwenda mbele moja kwa moja, hazipimi mshazari hadi kwenye pembe, kwa hiyo ukuta ulionyooka unapaswa kutoa namba zinazokaribiana katikati na pembeni. Pembe zote zikijikunja kuelekea kwako au kukukimbia, na una hakika ukuta si wa fundi aliyechoka, rekodi hilo pia.

8. Rangi zimeteleza?

D435 ina udhaifu ambao D415 na D455 hazina: kamera yake ya rangi haikufungwa kwenye kile kipande kigumu cha chuma pamoja na macho ya infraredi. Inaweza kuhama peke yake. Umbali ukawa sahihi kabisa, lakini rangi zikapakwa mahali pasipo pake. Fungua mwonekano wa 3D, simamisha kitabu chenye jalada jekundu mita 1 mbele ya kamera, ukuta ukiwa nyuma kwa mbali. Kivuli chembamba kisicho na data pembeni mwa kitabu ni kawaida. Wekundu uliomwagika ukutani nyuma yake si kawaida. Kwa anayetumia rangi kutambua kitu na kisha kuuliza kiko umbali gani, nyanya mbivu kwa mfano, utelezi huu una maana kwamba umbali anaopewa ni wa jani lililo jirani.

9. Kama jina lina herufi i mwishoni

D435i ina kipima mwendo ndani; D455 nayo inacho, ingawa jina lake halina i. Ilaze kamera mezani bila kuigusa, washa kipima mchapuko: ukubwa wa jumla wa mihimili mitatu ukaribie 9.8 m/s², na kwa walio karibu na ikweta, Nairobi au Dar es Salaam, ni 9.78 hivi. Igeuze pande zote sita. Tofauti ndogo ni za kawaida, maana D435i hutoka kiwandani bila kipima mwendo chake kusawazishwa. Mhimili uliokwama kwenye namba moja hata ukiigeuza kamera kichwa chini, huo umekufa. Kipima mzunguko nacho kisome karibu na sifuri kamera ikiwa imetulia. Basi, hapo hapana zaidi.

10. Kalibresheni ni dawa, lakini kwa mpangilio

Wengi hukimbilia hapa kwanza. Ukiifanya kabla ya vipimo vilivyotangulia utafuta ushahidi, na hutajua tena kamera iliumia wapi. Rekodi sekunde chache za kila kipimo, hifadhi, andika namba ya utambulisho ya kamera. Ndipo uanze.

Ndani ya Viewer, kwenye menyu ya kamera, kuna "On-Chip Calibration". Elekeza kamera kwenye ile kanga, itulie, bonyeza. Baada ya sekunde chache itakupa namba ya afya. Chini ya 0.25, macho yamepangika vizuri. Kati ya 0.25 na 0.75, kuna nafuu ya kupatikana. Juu ya 0.75, kalibresheni inahitajika. Kabla ya kukubali, programu inakuruhusu kurukaruka kati ya vipimo vya zamani na vipya. Tumia nafasi hiyo utazame ukuta, usibonyeze kukubali kwa mazoea. Ukikubali, vipimo vipya vinaandikwa ndani ya kamera yenyewe, na kompyuta yoyote utakayoichomeka itavikuta.

Hatua hiyo hutibu zaidi chengachenga na mashimo. Uongo wa umbali hutibiwa na ya pili, "Tare Calibration": unaiambia kamera umbali halisi wa ukuta kwa milimita, nayo inajirekebisha kuufuata. Namba utakayoipa ndiyo itakayoiamini, kwa hiyo ule uvivu wa kukadiria kwa hatua za miguu haufai hapa. Baada ya hapo rudia kipimo cha tepu cha mita 1, 2 na 3. Kisipopita, hujamaliza.

Kama mashimo ni mengi kiasi kwamba hatua ya kwanza inagoma kuanza, kuna programu tofauti ya Dynamic Calibration inayotumia kielelezo cha mistari kilichochapishwa au kinachoonyeshwa kwenye skrini ya simu. Hiyo ndiyo pia huirudisha kamera ya rangi kwenye mstari.

Kuhusu kitufe cha kurudisha vipimo vya kiwandani: kinarudisha vipimo vya siku ambayo kamera ilikuwa haijaanguka. Chuma cha ndani kikiwa kimehama, vipimo hivyo ni vya kamera nyingine. Kinafaa tu pale unaposhuku kwamba kuna mtu aliichezea kalibresheni kabla yako, na kwenye maabara ya wengi huwezi kuiondoa shaka hiyo.

11. Ifungue? Hapana

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi kuna mafundi wa simu wenye mikono ya ajabu, na atakayekuambia "lete niifungue nione" hakudanganyi, kuifungua ataifungua. Shida ni kuifunga. Kamera hii haikupangwa kwa bisibisi, ilipangwa kwa mashine kwa usahihi wa mikromita, na mkono uliokaza skrubu moja zaidi ya nyenzake hukipinda kile chuma kilichokuwa kimenusurika. Kazi moja ndiyo ya kumpa fundi huyo: tundu la USB lililong'oka, na hata hiyo ni baada ya kukubali kwamba utafanya kalibresheni upya kuanzia mwanzo. Lenzi iliyohama, projekta iliyokufa na jicho lililopoteza fokasi si kazi za mezani.

Dhamana kwa kawaida haigusi kifaa kilichoangushwa. Uliza hata hivyo, kwa heshima, ukiwa na zile rekodi zako. Na ukitafuta msaada wa kiufundi kumbuka kwamba RealSense ilijitenga na Intel Julai 2025 na sasa ni kampuni inayojitegemea, hivyo baadhi ya maelekezo ya zamani yatakupeleka kwenye mlango uliofungwa.

12. Iache iwake, kisha ipime kesho

Lehemu yenye ufa hushika ikiwa baridi na kuachia ikipata moto. Iwashe ikiwa na projekta, uiache nusu saa ikitazama ukuta huku ukiangalia kama fremu zinakatika au umbali unateleza. Kuteleza kidogo dakika za mwanzo, kamera inapopata joto lake, ni sawa. Ikizima na kujirudisha yenyewe, si sawa.

Kesho yake, kabla ya kazi, rudia tepu. Ikiwa kalibresheni ya jana imeshapotea, ifanye tena, na upime keshokutwa. Ikipotea tena, ndani kuna kitu kilicholegea na kitaendelea kuhama kila gari la roboti litakapopita kwenye kizingiti. Kamera hiyo iondoe kwenye mkono wa roboti, na kamwe usiiweke mahali inapotegemewa kuzuia mashine isimguse mtu. Macho yake ya infraredi bado yanaweza kumfundisha mwanafunzi kuchakata picha. Bandika karatasi mgongoni, andika: HAIPIMI. Bila karatasi hiyo, muhula ujao kuna mtu ataikuta kabatini na kuitumia.

13. Kona ya wenye kamera nyingine

Kinect ya kwanza, ya Xbox 360 iliyotoka Novemba 2010, ina jicho moja la infraredi na projekta. Hao wawili ndio wanaopimana, kwa hiyo kuhama kwa mmoja kunaleta uongo wa aina ile ile. Kabla ya yote, hakikisha umeme wake wa pembeni umefika, maana USB peke yake haiitoshi. Ina pia mota ya kuinamisha kichwa, na sauti ya kusaga baada ya kuanguka kwa kawaida ni ya meno ya mota hiyo, haina uhusiano na vipimo.

Azure Kinect, ambayo Microsoft iliacha kuitengeneza 2023, hupima muda wa mwanga kwenda na kurudi, na haihitaji macho mawili kupata umbali. Hapo uongo wa jicho lililohama haupo. Mkosaji mkuu ni kioo cha mbele: ufa au uchafu hurudisha mwanga wa kamera kwenye sensa yake yenyewe, na vitu vinasogea karibu au vinafunikwa na ukungu. Tepu bado ndiyo hakimu. Jaribu pia ukuta mweusi na ukuta mweupe kwenye umbali mmoja. Namba zikipishana sana, kioo kinahusika.

Simu yenye Face ID, kuanzia iPhone X ya 2017, nayo ina projekta ya vidoti juu ya skrini. Ikianguka na Face ID ikagoma, kwenye modeli za awali kubadilisha kipande hicho kwa kipande cha simu nyingine hakusaidii, kwa sababu kila kimoja kimefungamanishwa na ubao wa simu yake.

14. Waya ufungwe kabla kamera haijarudi juu

Chunguza ilianguka vipi. Mara nyingi utaukuta waya umevutwa. Nunua waya wa USB-C wenye skrubu za kufungia pembeni. D435 ina matundu ya kuzipokea. Acha kitanzi cha waya kilicholegea karibu na kamera, kisha ukifunge kwenye kiunzi cha roboti ili anayejikwaa avute kiunzi. Tumia skrubu mbili za M3 za mgongoni badala ya ile moja ya tripodi chini ya tumbo, ambayo mtetemo huilegeza polepole. Zisiwe ndefu kupita kina cha tundu, na uzikaze hadi zishike tu.